Mkono Juu ya Bega la Baba

Leo sina pa kuweka uso. Niko jikoni kwa Mama hapa Kileleshwa, nimejifanya naosha vyombo. Vyombo viliisha kitambo. Naviosha tena.

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaiona picha kwenye grupu fulani la kanisa, maana najua imeshaanza kutembea.

Mama alihamia fleti hii juzijuzi tu. Tulimtoa Kangemi, kwenye nyumba aliyokaa na Baba tangu kabla mimi sijazaliwa, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekataa kile kilima. Baba alituacha mwaka juzi. Huku kuna lifti, kuna maji, kuna mlinzi anayempigia saluti. Lakini Mama hajapazoea. Anakaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Nikimuuliza, "Mama, unaionaje nyumba?" ananijibu, "Ni safi." Mnajua mama akisifu usafi peke yake, hiyo nyumba hajaipenda.

Leo mchana akina mama wa ushirika walikuwa wanakuja kuiombea. Nikasema hawatakuta kuta tupu. Nitamleta Baba nyumbani.

Picha niliyoitaka ni moja tu, ile ya Ikweta. Nilikuwa darasa la nne. Baba alichukua likizo kazini, akaazima gari la binamu yake na kamera ya mwenzake wa ofisini, akatupeleka mpaka Nanyuki tuone pale dunia inapogawanyika. Ndiyo safari pekee ya matembezi tuliyowahi kwenda sote. Tulibeba chai ya chupa, chapati zimefungwa kwa gazeti, mayai ya kuchemsha na chumvi ndani ya kikaratasi. Nikinusa gazeti mpaka leo nasikia njaa.

Kwenye picha, Baba amesimama mguu mmoja huku na mwingine kule. Mama yuko upande wa kushoto wa picha na nywele zile za mafuta, zile za enzi hizo zilizoacha alama kwenye kila kochi la Nairobi. Mimi niko chini yao, soksi moja juu, nyingine imelala, mahindi ya kuchoma mkono mmoja, mwingine unavuta rinda. Kaka yangu Muthama hayuko kwa sababu ndiye aliyepiga picha.

Na Baba anacheka! Mnielewe: Baba hakuwa mtu wa kucheka kwenye picha. Zile nyingine zote amesimama kama anayesubiri kuapishwa. Hii tu ndiyo imemnasa mdomo wazi, macho yamefumbwa, ule mwanya wake wote nje.

Shida ilikuwa upande wa kulia. Kuna jamaa. Jibaba la mtu limevaa boshori la sufi la kijani kichwani na gambuti miguuni, limejipachika kando ya Baba, nalo linacheka kuliko sisi wote. Hatumjui. Hakuitwa. Amekula karibu theluthi ya picha.

Nikaipiga ile picha kwa simu, nikaanza kusumbuka. Nimkate, nisimkate? Nikimkata, nusu ya bango la Ikweta inaenda naye. Nikimwacha, kila mgeni atauliza, "Na huyu ni mjomba wenu?" Nikasogeza mstari kulia. Nikaurudisha kushoto. Nikamkata, nikamhurumia, nikamrudisha. Chai ikapoa. (Mtu mzima na digrii yake anashindwa na boshori.)

Nikampigia Muthama. Anaishi Loresho siku hizi na ana maoni juu ya kila kitu.

"Kata huyo jamaa," akasema. "Anakaa ni kama yeye ndiye alilipia safari."

"Na bango?"

"Mwende, nani hajui Ikweta?"

"Lakini picha ni picha. Si yeye pia alikuwa hapo?"

"Basi mtundike na umletee chakula."

Nikamkata yule jamaa. Nikaiangalia kwenye simu: Baba, Mama, mimi. Safi! Familia imetulia. Nikajipongeza.

Huyo, mpaka tao, katikati ya jiji. Kuna kiduka kwenye kichochoro karibu na Biashara Street, cha mzee mmoja tunayemwita Bwana Harish. Zamani ilikuwa studio kabisa: pazia limechorwa maporomoko ya maji, kiti kama cha mfalme, chanuo na poda mezani kwa wote. Ndiko tulikopigiwa picha za kila Krismasi. Siku hizi pazia halipo, ni mashine tu zinanguruma, lakini harufu ya uvumba mlangoni ni ileile. Niliingia nikajikuta nanyoosha nguo kama tutapigwa picha.

"Watu wanapiga picha elfu," Bwana Harish akaniambia, "lakini kutoa kwa karatasi hakuna hata moja. Wote imekufa ndani ya simu. Wewe unatoa baba yako. Vizuri sana."

Nikamwonyesha zote mbili, ile nzima na ile niliyokata, nikamwomba ushauri.

"Huyu mtu ya kofia ni nani?"

"Hatumjui."

"Basi kata! Anaharibu. Hii ingine ni giza kidogo, lakini nitaongeza mwanga. Baba yako atatoka kama bwana harusi."

Akaongeza mwanga. Akaitoa kubwa, kubwa ya kujaza ukuta, akaitia kwenye fremu, akaifunga kwa karatasi ya kaki. Mimi muda wote niko nje kwa simu, Mama anauliza kama nimekumbuka majani ya chai. Nikachukua mzigo wangu nikakimbia. Sikuifungua hata kidogo. (Kumbukeni hapo.)

Nilifika akina mama wakiwa kwenye lifti. Nikaitundika haraka, Mama akiwa chumbani anajifunga kitambaa, nikaifunika na leso yake. Nilitaka mambo ya heshima. Nilitaka wafunue waone, watu watoe machozi kidogo, halafu tule sambusa.

Kiongozi wa ushirika ni Mama Kioko. Mama Kioko akiomba, mlinzi wa getini anasema amina. Leo aliomba kwa mlango, akaomba kwa madirisha, akaomba kwa jiko na choo na balkoni. Alipomaliza nikasimama katikati ya sebule, nikakohoa kama mwenyekiti.

"Akina mama, asanteni. Kuna mtu mmoja wa nyumba hii hamjamsalimia."

Nikavuta leso.

"Aaaah!" wakasema wote. Na kweli, Baba alikuwa amependeza! Ule mwanga wa Bwana Harish ulikuwa umemtoa gizani, meno yote yanang'aa. Mama alishika kifua.

"Baba Muthama alikuwa mtu wa furaha," mmoja akasema. (Hakuwa. Lakini asante.)

Mama Kioko akasogea karibu. Akavaa miwani.

"Mwende."

"Naam, mama."

"Huu mkono ni wa nani?"

Nikaangalia. Juu ya bega la Baba, upande wa Mama, kulikuwa na mkono. Kwenye simu ulikuwa umezama ndani ya koti lake la kahawia, hata huwezi kuujua. Sasa ulikuwa mkubwa kama sahani. Vidole vinene. Kucha pana.

"Ni wa Mama," nikajibu haraka.

"Mama yako ameshika mkoba na mikono yote miwili."

Kweli, alikuwa ameushika yote miwili.

"Basi ni wangu."

"Wewe si ndiye huyu wa mahindi? Mkono mmoja mahindi, ule mwingine rinda. Kwani ulikuwa na wa tatu?"

"Tena hata uko na pete," sauti ikatoka nyuma.

Mtu akarudisha sambusa kwenye sahani polepole.

"Ashindwe!" mwingine akapaza sauti kutoka kwenye kochi, na wote wakasimama kama wameitwa.

"Tumeombea milango na madirisha," Mama Kioko akasema akifungua mkoba wake kutafuta chupa ya mafuta, "kumbe kitu kilikuwa kwa ukuta!"

Hapo nikashikwa na hofu. Ningenyamaza, mngekuwa mnalala saa hizi. Lakini mimi huyo, nikafungua mdomo.

"Ngojeni! Si pepo! Ni mkono wa mtu! Kulikuwa na mtu hapo, mimi nikamkata!"

Chupa ya mafuta ikasimama hewani.

"Ulimkata?" Mama Kioko akauliza.

"Leo asubuhi!"

"Ulimkata na nini?"

"Na simu!"

"Kwa nini, mwanangu?"

"Alikuwa anaharibu familia! Hata Muthama alisema nimkate!"

Mama Kioko akaketi.

"Na mwili," akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "mwili uko wapi?"

"Umebaki tao, kwa Bwana Harish!"

Nilijisikia nikisema hivyo. Nilitaka kuyarudisha maneno, lakini yalikuwa yameshafika balkoni. Mmoja wao alikuwa ameinua simu, anapiga picha ukuta, ananipiga na mimi, mkono wangu umeelekea tao.

Nikageuka kumtafuta Mama. Alikuwa ameinamisha kichwa, kitambaa kimefunika uso, mabega yanatetemeka. Nilikuwa nimeleta picha imtulize, sasa nimemliza mbele ya wageni, ndani ya nyumba ambayo tayari haipendi. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Naitoa sasa hivi."

Akainua uso. Machozi yanatiririka, ndiyo. Lakini alikuwa anacheka! Kicheko kile kisicho na sauti, kinachokata pumzi. Sijamwona akicheka hivyo tangu tumzike Baba.

"Ni yule mtu wa viazi," akasema alipoweza. "Uuuwi! Ni yule mtu wa viazi wa Ikweta!"

"Mtu gani?" wote wakauliza.

Basi akasimulia. Kwamba Baba alikuwa amesimama pale, mguu huku na mguu kule, anatufundisha habari za kaskazini na kusini kama mwalimu mkuu. Jamaa mmoja aliyekuwa anauza viazi kando ya barabara akaacha magunia yake, akaja, akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akamzungushia Baba mkono shingoni kama rafiki wa utotoni.

"Akamwambia, 'Mzee, nimekuelewa. Huyu mama ni wa upande wa kusini. Sasa yule wa kaskazini umemwacha wapi?'"

Ushirika ukalipuka! Mama Kioko alipiga mapaja mpaka chupa ya mafuta ikaanguka.

"Mzee wa kanisa!" akalia. "Baba Muthama mzee wa kanisa na wa kaskazini!"

"Mnaona nilivyoshika huo mkoba?" Mama akasema akielekeza kidole ukutani. "Mnafikiri nilikuwa napiga pozi? Nilikuwa najiandaa kumpiga nao!"

Tukaangalia picha tena, na ni kweli kabisa. Mama amekunja midomo, mkoba umeinuka kidogo, na Baba amekwisha kwa kicheko. Miaka yote hii nimekuwa nikiona mahindi yangu tu.

"Muthama alitaka kuipiga tena bila yule mtu," Mama akaendelea, sasa polepole. "Na mnajua Baba Muthama na filamu, kila picha tuliomba ruhusa. Akamwambia, 'Wacha. Hiyo imetosha.' Tukarudi Nairobi anacheka peke yake. Tukifika Karatina, kicheko. Tukifika Thika, kicheko. Nikakataa kumwongelesha siku nzima ya kesho yake."

Akapangusa macho na ncha ya kitambaa. Halafu akaniangalia mimi.

"Na wewe ukamkata. Sasa mtu akiingia hapa, Mwende, atajua baba yako anacheka nini?"

Nilikuwa nimemwachia Baba kicheko kisicho na sababu na mkono usio na mwenyewe.

Nikatoa simu, nikawaonyesha ile nzima. Ikazunguka mkono kwa mkono. Jibaba na boshori lake likakaribishwa sebuleni kama mkwe. "Hata ana uso mzuri," Mama Kioko akaamua, ingawa kabla ya kuondoka alipaka fremu mafuta kidogo kwenye kona. Kwa hakika tu, akasema.

Jumatatu nimeamriwa nirudi kwa Bwana Harish, nimtoe mtu wa viazi akiwa mzima, boshori, gambuti na nusu ya bango. Muthama naye amenipigia sasa hivi. Hakunisalimia hata. "Nasikia kuna mtu nimekutuma umkate?"

Wageni wameenda. Mama amevua viatu, amekunja miguu juu ya kochi, ameegemea mpaka nyuma, anamsimulia dada yake wa Machakos kwa simu. Ni mara ya pili tangu waondoke, na kila akisimulia yule mtu anazidi kunenepa na magunia yanaongezeka. Mara anaongea na dada yake, mara anageuka anamgombeza Baba ukutani.

Kwa hivyo mkitaka kucheka, chekeni polepole. Kuta za hizi fleti ni nyembamba, na Mama bado hajafika Karatina.