Vita vya Mwalimu Wakonyo na Herufi Moja

Sogeeni, enyi mabwana na mabibi wa Ruiru na wa Thika! Mwenye jembe na aliweke chini, mwenye sufuria jikoni na aiepue, maana habari niletayo haifai kusikilizwa kwa sikio moja. Nitawasimulieni vita vilivyopiganwa katika miaka ile ya Hali ya Hatari, vita ambavyo havikumwaga damu hata tone ila mate kidogo, na jemadari wake alikuwa mwanamke. Ee Chaki, mama wa vumbi jeupe, nitie nguvu nisimpunje sifa zake!

Jina lake Wakonyo binti Muigai, Ngome ya Darasa la Pili, Mzima-Kelele, ambaye akikohoa tu hata nzi hutua. Shule yake ilikuwa ya udongo na mabati, kando ya mashamba ya kahawa ya Ruiru, na hazina yake yote ya Kiswahili ilikuwa kitabu kimoja cha hadithi. Kimoja! Mwalimu alisoma, watoto wakaitikia. Humo mlikuwa na kisa cha karamu ya fisi, ambapo wanyama wote walipaza sauti wakasema, "Sote twataka kula!" Watoto waliipenda mno sentensi hiyo, kwa sababu wao wenyewe walishinda na njaa.

Hata siku moja akatokea Bwana Wetherby, Mkaguzi, sultani wa shule zote toka Ruiru hadi Thika, mwenye kaptura iliyokakamaa kwa wanga na Kiswahili alichojifunzia Mombasa. Akasimama mlangoni. Na dakika ile ile Darasa la Pili, watoto wa Kikuyu tupu ambao ndimi zao hazijapata kukutana na herufi L, likanguruma: "Sote twataka kura!"

Jamani! Kura! Siku zile Mwafrika aliyeitaka kura kwa sauti kubwa alikuwa akijitafutia nafasi kizuizini, sembuse darasa zima. Mkaguzi akawa mwekundu toka shingoni. Akakinyakua kitabu, akautafuta ukurasa, na lo, mchwa walikuwa wamekwisha kuitafuna herufi yenyewe! Alisoma "ku", akaona tundu, akasoma "a".

"Mwalimu!" akafoka. "Neno hili ni lipi?"

Wakonyo akajitokeza kifua mbele, akanena kwa fahari, "Bwana Mkaguzi, si kura kama unavyodhani. Ni kura!"

"Kura?"

"Hapana, Bwana! Si hiyo kura. Kura! Kura ya mdomo na tumbo!"

Mkaguzi hakutaka kusikia zaidi. Akatoa hukumu iliyotikisa mabati: kitabu ni marufuku, na Ijumaa ya wiki ifuatayo angerudi kukichoma moto mbele ya shule nzima. Akakifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni, akaondoka na Landrova yake.

Mzee Gerishon, mwenyekiti wa kamati ya shule, akamjia Wakonyo kofia mkononi. "Mwarimu, mtihani wa kusoma uko mwisho wa mwezi. Hawa watoto watasoma nini? Ukuta? Wakianguka wote, hii darasa si itafungwa?"

 Shujaa wetu alikwenda nyuma ya jiko akalia, tena sana, kwa kuwa aliwapenda watoto wale na alijua kosa limo kinywani mwake mwenyewe. Kisha akajipangusa kwa leso, akafunga kilemba kama afungavyo askari mkanda, akaapa kwamba herufi L ataikamata hai.

Jumamosi akaomba pasi ya kusafiri, akapanda gari la moshi hadi Thika, kwa shoga yake Syombua, mwalimu wa kushona, Mkamba wa Gatuanyaga. Huyo L zilimjaa kinywani mpaka zikamwagika, ila R hakuwa nayo hata ya kuazima.

"Wakonyo wee," alisema Syombua, "ulimi uguse hapo juu, nyuma ya meno, halafu uachilie. Kula."

"Kura."

"Usiutetemeshe! Huo ulimi unasikia balidi?"

"Sio baridi, ndivyo Ngai ariniumba!"

Wakapigana toka asubuhi hadi adhuhuri. R ililinda mlango wa kinywa cha Wakonyo, na kila L iliyojaribu kupenya ilirudishwa na majeraha. Ndipo Syombua, mjuzi wa hila za kivita, alipochukua kipande cha sukari nguru, akakibandika juu, nyuma ya meno ya shoga yake. "Lamba," akaamuru, "na ukilamba, sema."

"Kuuu…" akaanza Wakonyo, ulimi ukaifuata sukari, ukagusa, ukaachilia. "…la!"

Walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. "Asante, lafiki yangu!" alilia Wakonyo kwa furaha. Wiki nzima iliyofuata hakusema na mtu ila kwa ishara, akiutunza ulimi wake usije ukarudia mila za nyumbani.

Ijumaa ikafika. Kuni zimepangwa uani, wazazi wamejaa, watoto wamenuna. Ofisini, Mkaguzi ameshika kitabu kwa mkono mmoja na kiberiti kwa mwingine.

"Bwana Mkaguzi!" Wakonyo akanguruma. "Huo moto ungoje, nina neno moja tu!"

"Sema."

 Wakonyo akaupandisha ulimi ngomeni, nyuma ya meno.

"Kula."

Kiberiti kikasimama hewani. Mkaguzi akamkazia macho. "Na lile lingine? La kuchagua watu?"

Ole wake! Ulimi uliokwisha kuzoea sukari ulikuwa tayari umepanda juu. Wakonyo akafumba macho, akamkumbuka nyanya yake akifukuza mbuzi wa watu shambani, akaachilia: "Kurrrra!"

"Kula… kura," alinong'ona Mkaguzi, na uso wake ukalegea. "Ala! Kumbe chakula!" Akakirudisha kitabu kwa mikono miwili, akiona haya.

Mzee Gerishon, aliyekuwa amebandika sikio dirishani, akarusha kofia juu. "Tumeshinda!" Shule nzima ikalipuka: "Sote twataka kura!" Akina mama wakadakia, na wazee ambao hawajakanyaga darasa maishani mwao nao wakadakia: "Kura! Kura!"

Mkaguzi akatoka barazani, akatega sikio, machozi yakamlengalenga. "Maskini," akasema, "wana njaa kweli hawa." Akaamuru zile kuni za kuchomea kitabu zipikie uji, watu wote wanywe, kwa gharama ya Serikali.

Wakonyo akamsogelea Gerishon, aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote, ngumi juu. "Mzee," akamnong'oneza, "wewe unasema kura gani?"

"Ire ire, mwarimu," akajibu, akimkonyeza. "Rakini uji pia nitakunywa."

Wakonyo alicheka hadi akashika ukuta. Na iandikwe basi, wajukuu waisome katika tarehe za mataifa, kwamba Ruiru iliidai kura kwa sauti kuu, mchana kweupe, mbele ya Serikali yenyewe, na Serikali ikapiga makofi, ikaongeza sukari.