Mlinzi wa Umeme na Jibu la Posa

Jumatatu, 23 Februari 2026. Ikwiriri.

Bodi ya umeme ya nyumba yetu imetoa moshi. Moshi, mwezi mtukufu! Ni kipande cha mbao chenye fyuzi za kusokotwa kwa waya, kilichopigiliwa ukutani kabla sijazaliwa. Familia hii inakiamini kuliko inavyoniamini mimi. Mama, Bi Subira, akataka aitwe fundi Sadallah. Nimekataa. Nina shahada ya falsafa. Sadallah ana kidato cha nne na ngazi ya kuazima. Nikamweleza Mama kwamba umeme ni hoja kama hoja nyingine: unatoka, unarudi, na usiporudi kuna mahali mantiki imevunjika. Akasema sawa, ila nisimchomee nyumba kabla ya Alhamisi.

Alhamisi! Maalim Gharibu, muadhini wa msikiti ulio nyuma yetu, anakuja kufuturu na kutoa jibu la posa yangu. Akikubali, namwoa binti yake Zena. Akikataa, sitaki hata kuandika. Mtu wa heshima ile hawezi kukaa chini ya mbao inayofuka. Nimekwenda Kibiti na kurudi na kisanduku kipya: sakiti breka sita, na kifaa kinachopima umeme unaotoka na unaorudi. Ukitofautiana hata kidogo, hukata umeme wa nyumba nzima ili mtu asirushwe nao. Nimekiita Mlinzi.

Jumanne, 24 Februari.

Nimekifunga mwenyewe, kitabu mkononi. Waya zote zimenitii, isipokuwa mmoja mweusi unaopanda darini peke yake. Mama akasema huo nisiutoe, aliuweka marehemu baba. Nimeuheshimu: nimeuunganisha na Mlinzi pamoja na wenzake. Sikuuliza unakwenda wapi. Siulizi maswali ambayo naweza kuyafikiria majibu yake.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, nyumba nzima giza. Mkate wa kumimina wa Mama ulikuwa ndani ya oveni. Umetoka umebonyea katikati kama mto uliolaliwa. Na adhana ya magharibi haikusikika! Spika za msikiti zimekufa. Mtaa mzima ulikaa na tende mkononi, ukitazamana. Maalim aliadhini kwa mdomo, na kwa mafua aliyonayo sauti haikuvuka ukuta. Uzembe mtupu wa kamati ya msikiti.

Jumatano, 25 Februari.

Mlinzi amekata tena saa saba kasoro mchana. Nimechora jedwali. Kwa kuondoa sababu moja baada ya nyingine, nimebakiwa na Sadallah. Wivu wa kazi! Nikakaa barazani kumvizia. Saa kumi kasoro alikuwa mbele yangu kabisa, ngazi begani, akinisalimia: mambo vipi, msomi? Papo hapo taa zikazima. Nimehitimisha kwamba ana mshirika.

Mwantum wa jirani ametangaza mtaani kwamba kwetu kumeingia jini, maana kila ukifika wakati wa swala taa zinakimbia. Akamwambia Mama, pole shoga yangu, kisomeeni hicho kisanduku. Nilimfafanulia kwa dakika ishirini tofauti kati ya sababu na sadfa. Swala na umeme wetu, nikasema, havina uhusiano wowote. Akasema, haya baba, ila jini mlitoe.

Baada ya alasiri nikasimama msikitini. Siku ya pili watu wamefunga na adhana hawaisikii! Nikaitaka kamati ijiuzulu. Nikamtaja Maalim Gharibu kwa jina, kwa heshima zote, kama mwenye dhamana ya spika. Watu wakainamia mikeka. Naamini waliguswa.

Alhamisi, 26 Februari.

Aibu imetukuta, ingawa mimi si mhusika mkuu.

Jamvi limetandikwa. Kamba wa nazi, tambi, magimbi. Maalim akafika, akaomba ruhusa kwenda kuadhini kwanza. Dakika mbili baadaye, giza. Msikitini kimya. Mama akashusha pumzi ndefu. Kibwana, akasema, waya wa baba yako si ndio unaowasha spika za msikiti? Ni sadaka yake, huu mwaka wa saba. Nilidhani unajua, mwanangu, wewe si umesoma?

Akaitwa Sadallah. Mimi sikumwita. Akapanda darini, akashuka, akaeleza mbele ya Maalim, aliyekwisha kurudi kutoka msikitini. Umeme wa spika unatoka kwetu, lakini msikiti ulipopata mita yake kwa ajili ya feni, waya wa kurudishia ulihamishiwa huko. Unatoka kwetu, unarudi kwingine. Mlinzi anadhani kuna mtu anarushwa, anakata. Akawasha spika kwanza kwa mita ya msikiti ili isha iadhiniwe, akaahidi kesho kuvuta waya wa pili kutoka kwetu, sadaka ya Baba isikatike. Mama akajifuta machozi. Nikamkumbusha kila mtu kwamba hilo la kutoka na kurudi nililisema Jumatatu. Sadallah akasema, kweli kaka, ulisema.

Maalim alikula taratibu. Kumbe tangu Jumanne alijua tatizo liko kwetu! Aliona haya kumdai mjane umeme wa sadaka. Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha nikaongea vile jana. Akasema hakupata nafasi. Posa hakuikataa. Alisema nilimtaja mbele ya watu, basi kesho baada ya Ijumaa niwaombe radhi wanakamati mbele ya watu. Maneno mawili tu, mwanangu, halafu tuzungumze.

Mawili!

Ijumaa, 27 Februari.

Nimeomba radhi. Kurasa tisa. Utangulizi, historia ya umeme, uchambuzi wa makosa ya waya, mapendekezo kumi na manne kwa kamati, na mwishoni samahani kwa yeyote aliyejihisi kakosewa. Kufikia ukurasa wa tatu walibaki Maalim na mzee mmoja aliyesinzia. Ukurasa wa nne Maalim akavaa viatu. Ukurasa wa sita nikamwamsha mzee, ili hoja isipotee.

Zena amenitumia ujumbe: Baba alitaka maneno mawili. Nimemjibu kwamba maneno mawili si hoja, ni kichwa cha habari. Tangu hapo hajajibu. Anatafakari.

Mama amerudi kutoka kwa Mwantum na habari, na uso ameuinamisha. Jumapili Maalim amemwalika Sadallah nyumbani kwake kufuturu, na amemwambia aje na wajomba zake. Watatu, wote na kanzu. Mama akanishika bega akasema pole, mwanangu. Sikuelewa pole ya nini. Bila shaka feni ya Maalim imegoma. Lakini nauliza, kwa uchungu wa mtu anayeipenda nchi yake: fundi gani huyu anayehitaji wajomba watatu kwa feni moja?