Kompyuta Inayomtii Mama Masjala

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa miezi yangu ya majaribio inaisha. Mkuu ndiye ataamua kama nithibitishwe au nifunge virago. Yuko semina hadi Alhamisi. Kompyuta yake inajikongoja. Nitaiwekea mfumo mpya wa uendeshaji, arudi aikute inakimbia. Mama Masjala, mtunza majalada anayeitumia pia, alikuwa ameenda kula. Kompyuta ikauliza mfumo ukae kwenye diski kubwa au ndogo. Nikachagua ndogo. Mimi bado mgeni hapa, sipendi kujikweza. Ikawaka vizuri.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi giza. Mstari mmoja tu: mfumo haupatikani. Jana ulikuwepo. Nimekaza nyaya, nimepuliza vumbi, nimeizima na kuiwasha mara kumi na moja. Akaingia Mama Masjala, akachomeka flashi yake, akawasha. Ikawaka. Akaniuliza, mwanangu, mbona jasho? Nikasema joto.

Jumatano, 5 Machi
Mama Masjala akiwepo, inawaka. Akiondoka na vitu vyake, inakufa. Nimekalia kiti chake, nimejitanda mtandio aliousahau, nimebonyeza kwa upole. Giza. Tarishi akachungulia, akasema kijana, kazi ikikushinda omba ruhusa, usivae nguo za wakubwa. Jioni Mama Masjala aliulizia orodha yake ya majalada, haioni. Nikamwambia mfumo mpya bado unazoea mazingira.

Alhamisi, 6 Machi
Mkuu amewahi kufika kuliko Mama Masjala. Giza. Fundi akaitwa. Alitazama dakika mbili, akauliza nani kaweka mfumo ndani ya flashi ya mtu. Kumbe hiyo ndiyo diski ndogo; Jumatatu Mama Masjala alienda kula akaiacha imechomekwa. Mafaili ya Mkuu yako salama. Orodha ya Mama Masjala, majalada elfu nne, iliyokuwa ndani ya flashi, imefutika. Afadhali Mama Masjala angenitukana. Alisema tu, mwanangu, utaandika upya, na mimi nitakusomea polepole.

Ijumaa, 7 Machi
Barua imetoka. Majaribio yameongezwa miezi sita, na nisiguse kompyuta yoyote. Orodha naiandika kwa kalamu. Lakini sijafukuzwa, na barua haikutaja mashine ya fotokopi. Imekwama karatasi na Mkuu anasubiri nakala kumi. Nimeifungua na kuifunga. Zimebaki skrubu nne ambazo sioni zilikotoka. Nimezitia mfukoni, zisije zikamchanganya fundi.