Simiyu Alivyouawa kwa Spika

Marafiki, aibu yangu ya leo imesikika soko zima la Kitale. Niko saiba, nawaandikia kwa kompyuta ya kukodi, bado macho yamevimba.

Mnajua ndoto yangu ni kutafsiri sinema kwa maiki pale ukumbi wa video wa Barasa. Mtafsiri wake ameenda kwao Bungoma, kwa hivyo Barasa akaniambia, "Jaribu leo. Ukiwashika watu, kazi ni yako."

Nikachagua CD moja ya Kichina ya mambo ya wafalme wa kale, ile hukaa chini ya kreti na hakuna mtu huiulizia. Muuaji wa siri anatumwa na bwana wake amuue mfalme. (Niliwahi kuiona nusu, stima ikapotea. Kichina pia sijui.)

Mwanzo niliwaka. Muuaji nikambatiza Simiyu, jina la mtoto wa shangazi yangu. Bwana wake alimpakulia chakula kwa upole, nikasema huyo ni baba yake mzazi. "Anampenda kuliko ng'ombe zake zote." Watu wakapiga makofi.

Kumbe. Simiyu anarudi na jeraha, anapiga magoti. Yule bwana wake mzee anamkumbatia. Halafu anaita askari.

"Mtafsiri," jamaa wa nyuma akauliza, "si ulisema ni baba?"

Mikuki ikamwingia Simiyu, na mimi, bana, nikalia. Kilio cha kamasi. "Wooi, Simiyu wetu! Wamemuua! Baba yake amemuuza!"

Nilisahau Barasa huweka spika nje ya kuita wateja. Shangazi huuza nyanya ng'ambo ya barabara, na sauti yangu anaijua. Kwetu ukisikia nduru kama hiyo huulizi, unakimbia.

Mlango ukafunguka. Shangazi bila viatu, wamama wa soko nyuma yake, wote wanalia.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Nikaonyesha kioo cha TV. "Ni huyo, shangazi."

Akamwangalia yule maiti mwenye nywele za kufika kiunoni.

"Huyo ndiye Simiyu?"

"Wa sinema."

Nilingoja kofi. Akapangusa machozi, akakaa benchi ya mbele. "Na huyo mzee ameshikwa?"

"Bado."

"Basi endelea. Sitoki hapa kabla hajashikwa."

Wamama wote wakakaa. Barasa amenipa kazi, ila majina ya ukoo amenikataza.

Mcheke huko huko mlipo. Lakini mkipita sokoni msimpe shangazi pole. Leo ameshapewa nyingi, na sasa anarusha nyanya.