Muhuri wa Mst., Kadi ya Mosammat

Hasna Banu alikuwa amekwisha kuniuliza mara mbili kama shule niliingia au nilipita tu nje ya uzio, pale kipaza sauti cha tawi letu la benki hapa mjini Bogura kilipotangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mpaka wowote duniani utakaomzuia mteja wetu kulipa kwa kadi.

"Umesikia?" akaniambia. "Hakuna mpaka. Haya, lipisha hiyo kadi."

Nilimweleza kwamba tangazo lile lilikuwa la nje, kwenye turubai la wageni, na sisi tulikuwa ndani.

Wengi hawaielewi kazi yangu. Mimi ndiye Msimamizi wa Dawati la Miamala Isiyofaulu. Watu husema benki imekataa kadi. Hayo ni maneno ya mtaani. Benki haikatai kadi. Huilinda pesa ya mteja dhidi ya kila mtu anayeweza kuitumia, na tulivyochunguza, anayeongoza katika kundi hilo ni mteja mwenyewe. Nina stashahada ya biashara na watoto watatu, na kwa pande zote mbili nimejifunza kusema hapana bila kupandisha sauti.

Kadi ikigoma mtandaoni, mteja hupata ujumbe mmoja: "Muamala umekataliwa. Wasiliana na benki yako." Ni ujumbe mzuri, mfupi, hauna kosa la tahajia. Akishawasiliana, ndipo tunapomuuliza kama namba kaiandika sawasawa. Kama kadi haijapitwa na tarehe. Kama zile tarakimu tatu za nyuma alizisoma akiwa na miwani. Kama aliomba kadi ifunguliwe kwa malipo ya mtandaoni, maana sisi huzitoa zikiwa zimefungwa, kama paka wanavyozaliwa wamefumba macho. Kama namba ya uthibitisho haiendi kwenye laini ya simu aliyokwisha kumpa shemeji yake. Wengi huishia hapo na kurudi nyumbani na aibu zao, jambo ambalo kwenye taarifa zetu huitwa huduma.

Hasna Banu hakuishia hapo. Ana duka la mapazia, na mtu anayeishi kwa kupima madirisha ya watu hakosei tarakimu. Kila kitu alikuwa amekikagua. Pembeni yake alisimama binti yake Tuli, ameshika simu kwa mikono miwili kama anayebeba bakuli la mchuzi uliojaa. Kwenye simu ulikuwa ukurasa wa chuo kimoja cha Malaysia. Walikwisha kumkubali asomee udaktari wa mifugo; kilichobaki kilikuwa ada ya kuishika nafasi. Isipolipwa kabla ya saa kumi na moja jioni hiyo, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

"Tatizo ni jina," nikasema.

Dola haziendi nje hivi hivi. Pasipoti ya mwenye kadi lazima igongwe muhuri wa kuruhusiwa dola. Hasna alikuwa na pasipoti, ile aliyoendea Umra, na muhuri alikuwa nao, tena ulikuwa wetu, umegongwa dawati la jirani. Ila pasipoti imeandikwa Mst. Hasna Banu, na kadi imeandikwa Mosammat Hasna Banu, kwa lile neno linalotangulia majina ya wanawake kwetu.

"Mst. ni Mosammat," akasema Hasna. "Kila karani wa nchi hii akichoka kuandika anaweka nukta. Mama yako ni Mst. Wewe mwenyewe ni Mst."

Nilikiri kwamba na mimi ni Mst., lakini nikamkumbusha kwamba mimi sikuwa nalipa chochote.

"Kwa hiyo Mst. ana ruhusa, hana kadi. Na Mosammat ana kadi, hana ruhusa."

"Umeelewa vizuri kuliko wengi, dada."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mteja."

Utaratibu huu si wangu. Ulitoka makao makuu Dhaka, kwa Meneja Mkuu wa Malipo, Bwana Enayetur Rashid, aliyegundua kwamba walaghai hupenda kutumia majina yanayofanana na majina ya watu. Tangu hapo mfumo hulinganisha majina herufi kwa herufi, na nukta nayo ni herufi. Ambaye majina yake hayalingani huenda kwa wakili akaapa kwamba yeye ni yeye. Kiapo hupelekwa Dhaka, na Dhaka, ikiridhika, humruhusu kuendelea kuwa yeye.

Hasna aliuliza itachukua muda gani. Nikamwambia wiki moja, kama hakuna sikukuu. Akanipa maneno ambayo sitayaandika, lakini nayakubali kama maoni ya mteja. Tuli alitazama tu saa ya ukutani. Ningependa angelia, kulia kwa watoto nimekuzoea. Badala yake akaniuliza polepole kama abonyeze tena.

"Usibonyeze," nikamwambia. "Imekukatalia mara mbili, basi. Mfumo ukiona kadi inagonga mlango uleule bila kuchoka, unadhani ni mwizi, unaifunga kabisa. Tafuta sababu kwanza, ndipo ujaribu."

Hapo meneja wa tawi akaja mbio, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai, akaninong'oneza nichukue tableti yangu nitoke nje haraka.

Nje Meneja Mkuu mwenyewe, aliyetoka Dhaka kuzindua malipo hayo, alikuwa jukwaani. Nyuma yake imesimamishwa kadi ya mbao kubwa kama mlango wa gereji, na mbele yake wageni wamekaa na vipakiti vyao vya sambusa na ndizi. Alikuwa ameahidi kununua tai ya hariri kutoka London palepale, machoni pa watu, simu yake ikiwa imeunganishwa na skrini kubwa ili kila mtu aone jinsi mipaka inavyoanguka. Kwenye skrini tukasoma: "Muamala umekataliwa. Wasiliana na benki yako." Wa mbele walikuwa wakiwasomea wa nyuma.

Hasna na Tuli walinifuata hadi jukwaani. Hakuna aliyewaita, lakini foleni yao ilikuwa mimi.

"Bi Lutfunnahar," Meneja Mkuu akaninong'oneza, kipaza sauti kikiwa wazi, "mfumo wenu huku una nini?"

Nilifanya kazi yangu. Nikamuuliza kama namba kaiandika sawasawa. Nikamuuliza habari za miwani. Nikamuuliza kama kuna shemeji yeyote aliyepewa laini ya simu. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Nikafungua tableti na sababu nikaiona mara moja.

"Ni jina, Mheshimiwa. Pasipoti inasema Md. Enayetur Rashid, kadi inasema Muhammad Enayetur Rashid. Md. ana ruhusa ya dola, hana kadi. Muhammad ana kadi, hana ruhusa."

Akatabasamu kama anayezungumza na mgonjwa. "Mama, Md. ni Muhammad. Mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo. Mtu ni mmoja."

"Mheshimiwa anasema hivyo kwa nafasi yake binafsi, au kama Meneja Mkuu?"

Aliwatazama waandishi wa habari, nao wakamtazama. "Kama Meneja Mkuu," akasema kwa sauti ya jukwaani. "Nukta haimbadilishi mtu. Rekebisha sasa hivi." Na huku anasema, akabonyeza tena.

Nikamwomba asibonyeze. Akabonyeza. Alikuwa mtu wa lifti huyu: isipokuja kwa mara ya kwanza, hubonyeza mpaka ije.

Sasa, agizo la Meneja Mkuu mbele ya waandishi wa habari ni agizo kamili, hata kama limetoka kwa mdomo. Nikafungua sehemu ya marekebisho. Maombi hushughulikiwa kwa mpangilio wa kufika, na la kwanza lilikuwa la Hasna Banu. Meneja wa tawi akainama sikioni kwangu akanishauri nianze na bosi. Nikamjibu kwamba foleni ni foleni.

"Dada, una watoto wewe," akanionya.

"Ndiyo maana," nikamwambia.

Nikaandika kwamba Mst. na Mosammat ni mtu mmoja, kwa agizo la Meneja Mkuu, lililotolewa hadharani. Nikathibitisha. Mfumo ukafikiri kidogo, ukakubali, maana haujawahi kufundishwa kubishana na Dhaka.

"Tuli," nikasema, "sasa. Mara moja tu."

Akabonyeza mara moja. Namba ya uthibitisho ikaingia kwenye simu ya mama yake. Hasna, aliyekuwa tayari kuitangaza kwa turubai zima, nilimzuia kwa jicho, akaifunika kwa mtandio na kumwonyesha binti yake peke yake. Tuli akaandika. Tukasubiri. Kisha akausoma ujumbe wa chuo, akausoma tena, akakaa chini palepale jukwaani miguuni pa Meneja Mkuu na kuanza kulia, kulia kule ninakokujua.

"Mungu akuzidishie, kaka," Hasna akamwambia Meneja Mkuu. Kwangu hakusema neno, na sikulitarajia.

Ikafika zamu ya bosi. Nikafungua taarifa zake, nikakuta hakuna cha kurekebisha. Wakati mimi nashughulikia foleni, yeye alikuwa ameendelea na lifti yake. Kadi ilikuwa imefungwa kwa majaribio mengi. Kabla sijatafuta namna ya kumweleza, simu yake ikalia, na kwa kuwa ilikuwa bado imeunganishwa na skrini, tukasoma naye sote: "Mteja mpendwa, kuna mtu asiyejulikana anajaribu kutumia kadi yako. Usimpe ushirikiano."

Hata waliokuwa wakimenya ndizi waliacha.

"Huyo mtu ni mimi," Meneja Mkuu akasema. "Ifungue."

Nikamuuliza kama ana kiapo cha wakili. Akaniuliza kama namjua yeye ni nani. Nikatazama skrini ambapo benki yetu, kwa maneno yake yenyewe, ilikuwa imekwisha kulijibu swali hilo.

Nikanyoosha mkono, nikaitoa kadi vidoleni mwake kwa ajili ya usalama wake, nikaitia kwenye bahasha, nikaramba gundi, nikaifunga.