Msimamizi Hashiki Spana

Jumatatu, 3 Juni
Nimeukwaa ukubwa! Kuanzia leo mimi ni msimamizi wa mafundi hapa tunapofua mashuka ya hoteli. Nina kiti cha kuzunguka! Meneja, mama asiye na masihara, kasema ni majaribio ya wiki moja, kwa sharti moja tu: nisishike spana. Nikishika, narudi karakana. Nikacheka. Mke wangu keshawatangazia ndugu zake wote. Mama mkwe kaanza kuniita bosi.

Jumanne, 4 Juni
Mashine ya kona inanguruma. Beringi ile, naijua! Nikamkabidhi Kimya, fundi mwenzangu wa miaka nenda rudi. Akaanza kulegeza nati kwa mwendo wa kinyonga. Viganja vikaniwasha. Nikajizuia. Nikashindwa. Basi nikaitisha kikao cha dharura, mafundi wote juu ghorofani. Wakapanda. Nikabaki na mashine yangu, nikafunga beringi mpya kwa raha zangu. Baadaye nikawaambia nilibanwa na mambo ya uongozi. Kimya akauliza mashine imeponaje. Nikasema nyingine hupona zenyewe. Kichwa ninacho!

Jumatano, 5 Juni
Vikao viwili. Cha asubuhi kilihusu umuhimu wa kuhudhuria vikao. Sikuhudhuria, nilikuwa na pampu. Jioni meneja akanisifu: hajapata kuona msimamizi anayewashirikisha watu wake namna hii. Nikashukuru kwa unyenyekevu, mikono mfukoni. Kucha zilikuwa nyeusi tii.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa! Wenzangu wako kikaoni, mimi nimejichomeka ndani ya pipa la kukaushia, miguu nje. Tai ikanasa. Tai mpya aliyoninunulia mke wangu! Nikasikia viatu vya meneja. Alikuwa anatoka huko huko kikaoni. Kumbe wale watu hawakunisubiri, wamepanga zamu, vipuri na matengenezo ya mwezi mzima. Mwenyekiti ni Kimya! Mtu ambaye hata salamu humtoka kwa shida! Meneja akauliza nafanya nini humo. Nikajibu nakagua. Spana ikaniponyoka, ikapiga kelele pipa zima. Akaenda kuleta mkasi.

Ijumaa, 7 Juni
Kimya ndiye msimamizi. Nimeumia, nisijidanganye. Mke wangu alikula mpaka sahani ikaisha, halafu akauliza nani atamwambia mama yake. Nikajifanya nimepaliwa.

Jumatatu, 10 Juni
Karakana. Kimya kanipa kazi ya kubadilisha mkanda wa mashine ya pasi. Spana mkononi, halali kabisa, hakuna wa kunikataza. Lakini mtu aliyekwisha kuongoza atainamaje? Nikawaita mafundi wawili, nikawagawia kazi yangu, nikasimama nyuma yao, mikono kiunoni, nikielekeza. Mpaka jioni sijagusa hata nati. Kimya akapita, akauliza kwa nini wengine wanatoka jasho na mimi nimesimama. Nikamwonea huruma. Uongozi bado haujamwingia.