Kipande cha Trei Chini ya Usukani

Dokta wa Magari hakuwahi kushika spana maishani mwake, na jambo hilo halikumnyima usingizi hata kidogo. Alikuwa na koti jeupe, ulimi laini, na kimashine kinachochomekwa kwenye soketi chini ya usukani kikasoma maradhi ya injini. Kwa mtu mwenye kipaji, vinatosha kabisa.

Asubuhi ile mkewe, fundi cherehani, alimwachia pikipiki yake shingo upande.

"Friji ulibadilishana, televisheni ulibadilishana," alisema. "Ukirudi bila pikipiki yangu, mume wangu, usirudi."

"Kwani mimi mtoto mdogo?"

Kwenye kituo cha mafuta akamwona Mama Mayai, mama mtu mzima muuza mayai, kasimama kando ya pikapu yake kuukuu, uso umemshuka kama aliyefiwa. Injini inanguruma taratibu, bodi haina hata mkwaruzo. Dokta akameza mate.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Si wewe yule daktari? Hebu nipimie. Nataka kuiuza, na kila mtu ananiambia ipimwe kwanza."

Dokta akajikunja chini ya usukani, akachomeka. Kimya. Akaigusa soketi: inacheza kama jino la mtoto. Loo! Ugonjwa unaotibika kwa tepe na kipande cha waya! Moyo ulimruka kwa furaha, lakini alipoinuka alikuwa na uso wa msiba.

"Mama, tafuta pa kukaa."

"Kuna nini tena?"

"Ubongo wa gari umekufa. Mashine inaita, inaita, haujibu."

"Jamani! Na inavyonguruma hivi?"

"Ndivyo inavyoaga."

Mama Mayai akashika kichwa. Marehemu mumewe alimwachia gari hili tu. Sasa mayai atayabeba mgongoni? Dokta akamwacha alie kidogo, maana kumkatiza mtu kilio ni utovu wa adabu. Kisha akakohoa. Tatizo lake, alisema, ni huruma. Yuko tayari kuuchukua mzoga huu akauze vyuma, na mama achukue pikipiki.

"Pikipiki nzima? Utapata hasara, mwanangu."

"Mama, wewe ni kama mzazi wangu."

"Usije ukajuta, lakini."

"Sijuti ng'o!"

Wakaandikishana, wakabadilishana funguo. Mama akambariki, akampa na trei la mayai, akavaa helmeti, akaondoka. Dokta alishangaa kidogo jinsi mama yule mtu mzima alivyoikata ile kona.

Hakungoja hata kuisogeza pikapu. Akabandua kifuniko cha chini ya usukani kwa sarafu, na vidole vikagusa kitu nyuma ya soketi. Akavuta. Kipande cha trei la mayai, kimekunjwa vizuri, kimeshindiliwa pale ili pini zisigusane.

Kimeingia chenyewe, akajiambia. Akaikaza soketi kwa waya, akaizungushia tepe, ikatulia tuli. Akawasha gari, akachomeka mashine.

Ubongo ulikuwa hai, tena ulikuwa na mengi ya kusema. Injini haina nguvu. Gia boksi inateleza. Pampu ya mafuta iko hoi. Majibu yakashuka, yakashuka, hayaishi kwenye kioo cha mashine. Akakanyaga mafuta kidogo tu, moshi ukafunika kituo kizima.

"Mama yangu weee!" akalia Dokta, na safari hii alimaanisha mama yake mzazi.

Simu ikaita.

"Uko wapi na pikipiki yangu?"

"Niko kazini, mke wangu."

"Kazi gani?"

Gari dogo linalong'aa lilikuwa limesimama karibu, na kijana mwenye miwani ya jua akashuka, kimashine kinaning'inia shingoni. Aliitazama ile bodi safi, akameza mate.

Dokta akakata simu. Akainama haraka, akafungua tepe, akakirudisha kile kipande mahali pake, taratibu, kwa heshima. Kisha akasimama kando ya pikapu, uso umemshuka kama aliyefiwa, wala hakuhitaji kuigiza.